Kuosha gari nyumbani wakati wa mgao wa maji Kampala: ndoo mbili badala ya mpira

Jiji la Kampala liko kandokando ya Ziwa Victoria, ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Hata hivyo, mabomba ya jiji hilo hukauka mara kwa mara, na kila yanapokauka hurudi swali ambalo wenye magari hulijibu kimyakimya ndani ya nyua zao: je, inafaa kulimwagia gari maji ambayo jirani hana ya kupikia?

Katika miji mingine swali hilo limejibiwa na sheria. Mnamo Februari 2018, wakati mabwawa ya Cape Town nchini Afrika Kusini yalipokaribia kukauka, kila mkazi alitakiwa kutumia maji yasiyozidi lita 50 kwa siku, na kuosha gari kwa maji ya kunywa ya jiji kukapigwa marufuku. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2010 inayaruhusu makampuni ya maji kukataza kuosha gari binafsi kwa mpira wa maji wakati wa ukame, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000.

Kampala, mambo huenda kwa namna nyingine. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, lijulikanalo kwa kifupi chake NWSC, hutangaza maeneo yatakayokosa huduma kwa sababu ya matengenezo au hitilafu. Lakini namna ya kutumia akiba iliyomo ndani ya uzio, iwe ni tangi la juu ya dari au madumu yaliyopangwa jikoni, huachiwa kila nyumba iamue. Makala hii inaeleza kwa nini maji hukatika, gari hunywa kiasi gani, na jinsi ya kulisafisha kwa maji machache bila kuharibu rangi yake wala kumdhuru jirani.

Kwa nini mji wa ziwani hukosa maji

Maji ya Kampala hayaji yenyewe. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali vilima vingi vya jiji vinapita mita 1,200. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na kila tani hiyo ni lazima isukumwe kupanda mlima kabla haijafika bombani. Ndiyo maana kilima cha Muyenga kinaitwa na wengi Tank Hill: juu yake yapo matangi makubwa yanayopokea maji kutoka ziwani, kisha maji hayo huteremka kwa nguvu ya mwinuko kuelekea mitaa iliyo chini.

Kwa miongo mingi kazi yote ya kusafisha maji ilifanyika Ggaba, kusini mashariki mwa jiji. Mtambo wa kwanza wa hapo ulijengwa wakati wa ukoloni, karibu na mwaka 1930. Wa pili ukaongezwa mwaka 1992, na wa tatu mwaka 2007. Mji uliendelea kukua kuliko mitambo hiyo, ukapanda vilima vipya na kumwagikia wilaya jirani za Wakiso na Mukono. Kwa hiyo ukajengwa mtambo mwingine huko Katosi, wilayani Mukono, wenye uwezo wa kutoa lita milioni 160 kwa siku katika awamu yake ya kwanza.

Pamoja na hayo, mnyororo huo una pete nyingi, na kukatika kwa pete moja hutosha kukausha bomba. Umeme ukizimika, pampu husimama. Bomba kuu likipasuliwa na wajenzi wa barabara, mitaa kadhaa hukosa maji kwa pamoja. Wakati wa kiangazi, yaani kati ya Desemba na Februari na tena kati ya Juni na Agosti, mahitaji hupanda kwa kuwa mapipa ya maji ya mvua yamekauka na kila mtu hurudi kwenye bomba. Wanaoishi kileleni, na wale walio mwisho wa njia ya bomba, ndio hukosa kwanza na ndio hupata mwisho.

Kwa sababu hiyo, maji yanayotumika ovyo katika nyumba moja si mali ya nyumba hiyo peke yake. Watu kumi wa bondeni wakifungua mipira yao Jumamosi asubuhi, msukumo ndani ya bomba hupungua, na wa mlimani husikia upepo tu ukivuma kwenye koki zao.

Gari moja, madumu kumi

Watu wengi hawajui mpira wao unatoa maji kiasi gani, lakini kupima ni kazi ya dakika moja au mbili. Inatosha kuchukua dumu la lita 20, kufungua koki kama kawaida, na kutazama saa. Dumu likijaa kwa sekunde 90, mpira huo unatoa lita 13 na ushei kila dakika. Anayeosha gari kwa robo saa huku mpira ukitiririka atakuwa ametumia lita 200, yaani madumu kumi.

Uzito wa madumu hayo kumi huonekana vizuri yakilinganishwa na mahitaji ya watu. Shirika la Afya Duniani huhesabu lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha mahitaji ya msingi: kunywa, kupika na kunawa. Lita 200 ni kiwango hicho kwa familia ya watu watano kwa siku mbili. Katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa wachuuzi wanaoyaleta kwa baiskeli na bodaboda, bei ya dumu hupanda kila bomba linapokauka, na familia zenye kipato kidogo hulipa zaidi kwa maji yaleyale kuliko mwenye mita nyumbani kwake.

Mji huu umewahi kuonyeshwa kwa uchungu kinachotokea watu wanapolazimika kutumia maji yoyote wanayoyapata. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2015, Kampala ilikumbwa na mlipuko wa homa ya matumbo, na zaidi ya watu 10,000 wakahesabiwa kuwa na dalili zake. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye maji: chemchemi na visima vilivyochafuliwa, pamoja na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji yasiyo salama. Chemchemi za mabondeni huonekana safi na baridi, lakini nyingi zimezungukwa na vyoo vya shimo. Dumu la maji ya bomba lililookolewa kwenye gari ni dumu ambalo halikutafutwa kwenye chemchemi hizo.

Hata hivyo, gari haliwezi kuachwa hivihivi

Haitakuwa haki kusema kwamba kuosha gari ni anasa tu. Dereva wa takisi akipakia abiria kwenye viti vyenye tope hupoteza wateja. Anayelitegemea gari kwa kazi ya kukodisha hali kadhalika. Zaidi ya hayo, kuna sehemu ambazo usafi wake ni suala la usalama, wala si la sura: kioo cha mbele, kioo cha nyuma, vioo vya pembeni, taa zote na vibao vya namba. Vumbi juu ya kioo hugeuka ukungu mweupe pale taa za gari lijalo zinapokipiga usiku, na dereva asimwone mwenda kwa miguu.

Kwa hiyo, kanuni ya kwanza wakati wa mgao ni kutenganisha sehemu za lazima na sehemu zinazoweza kusubiri. Vioo, taa na namba husafishwa kila siku kwa lita moja au mbili za maji na kitambaa safi. Milango, paa na boneti vinaweza kungoja wiki mbili bila madhara. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti havipaswi kungoja, kwa kuwa hula rangi. Huondolewa mara moja kwa kulowesha kitambaa, kukiweka juu ya doa kwa dakika chache, kisha kufuta taratibu.

Njia ya ndoo mbili

Gari dogo linaweza kuoshwa likatakata kwa lita 30 au pungufu, yaani dumu moja na nusu. Siri yake ni mpangilio, na mpangilio wenyewe ni huu.

Kwanza, gari huegeshwa kivulini, asubuhi mapema au jioni. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa saba mchana hukausha sabuni kabla haijasuuzwa. Mabaki yake huacha alama nyeupe, na alama hizo hudai maji mengine ya kuziondoa.

Pili, vumbi hulainishwa kabla ya kuguswa. Vumbi jekundu la Kampala lina chembe ngumu za mchanga. Anayelifuta likiwa kavu huwa anaikwaruza rangi kama anayepiga msasa. Kopo kuukuu lililotobolewa matundu madogo chini hufanya kazi ya mvua: lita tano zikinyunyizwa kuanzia paani zinatosha kulowesha gari zima. Baada ya hapo huachwa dakika tatu au nne ili tope lilegee lenyewe.

Tatu, huandaliwa ndoo mbili. Ya kwanza ina lita kumi za maji yenye sabuni kidogo. Ya pili ina lita kumi za maji matupu. Kitambaa huchovywa kwenye sabuni, hupitishwa juu ya sehemu moja ya gari, kisha husuuzwa na kukamuliwa kwenye ndoo ya pili kabla ya kurudi kwenye sabuni. Kwa njia hiyo mchanga hubaki kwenye ndoo ya pili, na maji ya sabuni hubaki safi hadi mwisho. Anayetumia ndoo moja huanza kwa kuosha, lakini humaliza kwa kulipaka gari lake mchanga alioutoa mwenyewe.

Nne, kazi huanzia juu kwenda chini: paa, vioo, boneti, milango, na mwisho bampa na sehemu za chini. Rimu na madigadi huoshwa mwisho kabisa kwa kitambaa chake chenyewe, kwa sababu huko ndiko kwenye mchanga mwingi na vumbi la breki.

Tano, kila sehemu husuuzwa kwa kitambaa kingine kilicholowa maji safi, na kukaushwa papo hapo kwa kitambaa kikavu. Lita tano zilizobaki zinatosha kwa kazi hiyo. Kukausha si urembo tu: tone linapokauka lenyewe juu ya rangi huacha duara la chumvi na vumbi, na mwenye gari hujikuta akiliosha tena kesho yake.

Sabuni nayo inahitaji kiasi. Wengi hudhani povu jingi ndiyo dalili ya usafi, kumbe kila kijiko cha ziada kinadai maji zaidi ya kusuuzia. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali na huondoa nta inayoilinda rangi. Iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ni laini zaidi, na kizibo kimoja hutosha ndoo nzima.

Kwa bodaboda, hesabu ni nyepesi zaidi. Lita sita hadi nane, kopo la matundu na vitambaa viwili vinatosha, mradi tope la kwenye mnyororo na magurudumu lilegezwe kwanza kwa kijiti au burashi.

Mpira uliozama ndani ya ndoo: hatari isiyoonekana

Kuna desturi moja ambayo wataalamu wa maji huiogopa. Mtu hutumbukiza mpira ndani ya ndoo yenye sabuni, hufungua koki, kisha huendelea na kazi nyingine. Iwapo maji yatakatika wakati huo, msukumo ndani ya bomba hushuka, na bomba hugeuka kuwa mnywaji: huyavuta maji machafu ya ndoo kupitia mpira uleule na kuyaingiza kwenye njia ya maji ya kunywa. Huduma ikirudi, uchafu huo unaweza kutokea kwenye koki ya jikoni, ama ya nyumba hiyo au ya jirani.

Kinga yake haina gharama. Mdomo wa mpira unapaswa kuning'inia juu ya ndoo bila kugusa maji, na koki ifungwe mara tu ndoo inapojaa. Vivyo hivyo, haifai kuunganisha pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili kuvuta maji kwa nguvu. Pampu hiyo huwanyang'anya majirani, na huweza kuvuta uchafu wa ardhini kupitia nyufa za mabomba.

Maji yanaporudi baada ya kukatika, ya kwanza mara nyingi huwa na rangi ya kahawia kwa sababu ya kutu na mashapo yaliyotikiswa. Hayo si maji ya kumwaga, lakini si ya kunywa wala ya kuoshea rangi ya gari. Yakingwe kwenye beseni, yaachwe yatulie, kisha yatumike kusafishia choo au kulowesha tairi na mazulia ya gari ya mpira.

Kuvuna mvua kabla ya kiangazi

Maji yanayofaa zaidi kwa gari ni yale yaangukayo bure. Hesabu ya mvua ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba yenye paa la mabati la mita za mraba 50 hupokea lita 1,000 katika mvua moja nzito ya milimita 20. Hata ukitoa zile zinazomwagika na kuruka pembeni, hubaki za kuosha zaidi ya magari 20 kwa njia ya ndoo mbili.

Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mara nyingi mvua hunyesha hata nje ya misimu hiyo. Kinachohitajika ni mfereji wa paani, pipa lenye kifuniko, na wavu mdogo wa kuzuia majani na mbu. Maji ya dakika za mwanzo huachwa yapite, kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya mvua pia yana chumvi chache kuliko mengi ya visima, hivyo huacha alama chache zaidi kwenye vioo.

Maji ya kusuuzia nguo ya mwisho, yale yasiyo na povu jingi, nayo yanafaa kwa tairi na madigadi. Yaliyotoka jikoni na mafuta yake hayafai, kwani hunasa vumbi badala ya kuliondoa.

Maji machafu yanakwenda wapi

Nusu ya pili ya habari hii ni kile kinachotiririka kutoka chini ya gari. Mteremko wa kusini wa Kampala hupeleka maji yake kwenye mfereji wa Nakivubo, ambao hupita katikati ya jiji, ukaingia kwenye kinamasi cha Nakivubo na kumwagika katika Ghuba ya ndani ya Murchison. Ghuba hiyohiyo ndiyo yenye mitambo ya Ggaba, kilomita chache tu kutoka pale mfereji unapoishia. Mteremko wa kaskazini, upande wa Kasubi na Kawempe, hupeleka maji yake kwenye kinamasi cha Lubigi, na kutoka hapo kuelekea Mto Mayanja na Mto Kafu.

Kwa maneno mengine, povu na oili vinavyosukumwa mtaroni katika mtaa wa katikati ya jiji vinaelekea kwenye maji ambayo kesho yatavutwa, yatatiwa dawa na kurudishwa bombani. Kadiri ghuba inavyochafuka, ndivyo dawa nyingi zaidi zinavyohitajika kuyasafisha maji yake, na gharama hiyo humfikia mtumiaji. Virutubisho vilivyomo kwenye majitaka na baadhi ya sabuni pia hulisha mwani na magugu maji, mmea ambao umewasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Ndiyo sababu inashauriwa gari lioshwe juu ya nyasi au changarawe, mbali na kisima na mtaro, ili udongo uchuje maji hayo kabla hayajafika mbali. Injini yenye oili haipaswi kuoshwa nyumbani kabisa.

Anayechagua kwenda kwenye vituo vya kuoshea magari naye ana la kutazama. Vituo hivyo vinawapa vijana wengi riziki, na mashine ya kusukuma maji kwa nguvu kwa kawaida hutumia maji machache kwa dakika kuliko mpira wa kawaida. Lakini kituo kilichowekwa ndani ya kinamasi au ukingoni mwa ziwa huacha oili yake mlemle. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ufukwe wa maziwa makubwa, likiwemo Victoria, na kuliingiza gari ziwani ili lioshwe ni kinyume cha madhumuni ya kanuni hizo. Kituo chenye sakafu ngumu na shimo la kunasa mafuta ndicho cha kuchaguliwa.

Utaratibu wa nyumba

Kwa nyumba inayotaka kujiwekea kanuni kabla ya kiangazi kijacho, mpangilio unaweza kuwa huu. Akiba ikiwa chini ya mahitaji ya familia ya siku tatu, yasafishwe vioo, taa na namba tu. Ikiwa inatosha wiki moja, gari lioshwe kwa ndoo mbili, mara moja kila baada ya wiki mbili. Pipa la mvua likiwa limejaa, gari linaweza kuoshwa kila wiki bila kugusa koki. Mpira ubaki umekunjwa hadi mitaa yote, ya bondeni na ya mlimani, iwe na maji.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika mji ambao kila lita hupandishwa mlima kwa umeme, gari likioshwa kwa lita 30 badala ya 200 huacha lita 170 ndani ya bomba, na lita hizo ni zaidi ya madumu manane kwa nyumba iliyo mwisho wa njia.